Cherehani ya Kushonea Mfarishi: Ununue Ipi Ukiwa Kenton?

Mfarishi wa viraka ni kazi inayoonekana haina gharama. Una mabaki ya kitenge yaliyorudi kutoka kwa fundi, kanga iliyochanika upande mmoja, shuka kuukuu la kufanyia bitana, na tabaka la pamba la kutia katikati. Gharama inaanza unapotafuta cherehani, na hapo ndipo wengi wanapotoa fedha kwa kitu wasichokihitaji: wanahesabu mishono. Boksi moja limeandikwa mishono 14, jingine 60, jingine 200, na bei inapanda pamoja na hesabu hiyo. Mfarishi unashonwa kwa mshono mmoja, ule ulionyooka. Maua na mawimbi yaliyochorwa kwenye boksi utayajaribu wiki ya kwanza, kisha hutayagusa tena.

Kenton ni mtaa wa kaskazini-magharibi mwa London, upande mmoja uko Harrow na mwingine Brent, na kwa sehemu kubwa mpaka ni Kenton Road yenyewe. Wagujarati ni wengi hapa, na wengi wao hawakutoka India moja kwa moja. Walipitia Nairobi, Mombasa, Kampala, Dar es Salaam au Zanzibar, wakafika Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1960 na katika miaka ya 1970, wengine baada ya Idi Amin kuwapa Waasia wa Uganda siku 90 za kuondoka mwaka 1972. Waumini wengi wa hekalu la Swaminarayan lililoko Westfield Lane wana asili ya Kutch, na Kutch ni sehemu ya Gujarat yenye jadi ndefu ya mifarishi ya nguo kuukuu, iliyopangwa tabaka kwa tabaka na kushonwa kwa mkono. Kwa hiyo bibi anayeweza kukueleza, tena kwa Kiswahili, jinsi ya kupiga bandi tabaka tatu zisihame huenda ni jirani yako. Mwamkie, kisha muulize. Kuhusu mfarishi atakufundisha mengi kuliko muuza duka. Kuhusu cherehani ni habari nyingine, maana yeye alishona kwa sindano na subira, nawe unataka kumaliza kabla baridi haijaingia.

Tuanze na kile ambacho mfarishi unakidai kwa cherehani. Una tabaka tatu: juu viraka, katikati pamba, chini bitana. Meno yaliyo chini ya sindano husukuma kitambaa cha chini tu. Mguu unaokandamiza kwa juu hauna kazi nyingine ila kukandamiza. Matokeo yake bitana inatangulia, viraka vinabaki nyuma, na ukifika mwisho wa mstari umejipatia mkunjo usiofumuka bila kufumua mshono wote. Dawa yake ni mguu wa pekee wenye meno yake wenyewe, unaofungwa kando ya sindano na kuvuta tabaka la juu kwa mwendo uleule wa meno ya chini. Maduka ya London huuita walking foot. Hilo ndilo swali la kwanza la kumuuliza muuzaji: je, cherehani hii inakuja na mguu huo, na kama haiji nao, unapatikana kwa bei gani? Cherehani nyingi za nyumbani hutumia kifungio kimoja cha kawaida, kwa hiyo utapata mguu wa bei nafuu uliotengenezwa na kampuni nyingine na utafanya kazi vizuri. Chache zina kifungio chao peke yao, Bernina ikiwa mfano mkubwa, na hapo mguu mmoja unaweza kukugharimu kama cherehani kuukuu nzima. Pfaff kadhaa zina kivutio cha juu kilichojengwa ndani ya mashine. Ukiikuta ya zamani kwa bei unayoimudu, usiiache.

Jambo la pili ni nafasi. Chukua rula upime kutoka kwenye sindano hadi kwenye nguzo ya kulia. Cherehani nyingi za nyumbani zina sentimita 15 hadi 17 hivi. Mfarishi wa kitanda cha watu wawili una upana wa mita mbili na zaidi, na ili ushone katikati yake, nusu nzima lazima ikunjwe na kupita kwenye tundu hilo, ikiwa imejaa pamba. Inawezekana, ila mabega yatalipa. Zipo cherehani zilizotengenezwa mahsusi kwa kazi hii, za mshono ulionyooka tu, kama Juki za mfululizo wa TL zenye zaidi ya sentimita 20, lakini bei yake ikiwa mpya ni mamia mengi ya pauni. Mwenye mfuko mwembamba ana njia yake: gawa mfarishi vipande vinne au sita, kila kimoja na pamba yake na bitana yake, vishone kimoja kimoja kwa raha, kisha viunganishe mwishoni na kufunika maungio kwa utepe wa kitambaa. Cherehani yoyote ndogo itaiweza kazi hiyo. Utepe nao unageuka kuwa sehemu ya nakshi.

La tatu linamhusu anayetaka kuchora kwa sindano, yaani kuzungusha mfarishi kwa mikono miwili na kuacha mshono ukizunguka kama mzabibu. Kwa hilo meno ya chini lazima yashuke au yafunikwe. Cherehani nyingine zina swichi ya kuyashusha. Nyingine za bei ya chini huja na kibao cha plastiki cha kuyafunika, ambacho kinatosha. Kama mistari iliyonyooka inakuridhisha, sahau habari ya meno kushuka na usiilipie.

Watu wengi huuliza juu ya nguvu ya mota, nami naona swali hilo limekuzwa mno. Pamba na bitana si ngozi. Kinachoharibu mifarishi ya wanaoanza ni upana wa mshono. Vipimo vya viraka karibu vyote vinavyochapishwa Uingereza huhesabu robo inchi kutoka ukingoni hadi kwenye mshono, yaani milimita 6 na kidogo. Ukizidisha milimita moja tu, kila mshono unakula milimita mbili za upana, moja kwa kila kiraka. Safu ya viraka tisa ina mishono minane, basi umepoteza milimita 16, na safu hiyo haitakutana na jirani yake iliyoshonwa sawasawa. Kwa hiyo cherehani inayokwenda polepole, inayotii kanyagio, inayotoboa mahali unapotaka, ni bora kuliko ile yenye mbio. Mguu wa robo inchi huuzwa kwa pauni chache. Nunua huo kabla ya kitu kingine chochote.

Sasa, mpya au iliyotumika? Kwa pauni 100 hadi 200 hivi unapata cherehani mpya ya umeme ya Brother, Singer au Janome, nyepesi, yenye dhamana, inayoshona viraka bila matatizo na tabaka tatu kwa wastani. Si fedha iliyotupwa. Chini ya hapo kuna mashine ndogo mno za plastiki zinazouzwa kama zawadi kwa watoto, mfarishi utazishinda. Lakini kwa fedha ileile, au pungufu, soko la mitumba la London lina cherehani za chuma ambazo huko nyumbani fundi angezilinda kwa kufuli.

Sababu yake ni ya kihistoria. Singer ilifungua kiwanda kikubwa huko Kilbowie, Clydebank, Scotland, mwaka 1885, kikaendelea hadi 1980. Herufi K unayoiona kwenye namba kama 99K, 201K au 221K ni ya Kilbowie. Nchi hii ilijaa mashine hizo, wenyewe wakazeeka, wajukuu hawashoni, na sasa zinauzwa kwenye Gumtree, kwenye Facebook na kwenye magulio ya Jumapili ambako watu huuza vitu vya nyumbani kutoka kwenye buti la gari. 99K ni ndogo kidogo na bei yake kwa kawaida ni ya chini kabisa. 201K ni nzito, haina kelele, na kwa mshono ulionyooka sijui mashine ya nyumbani inayoipita. 221K, ndogo ya kubebeka yenye uzito wa kilo 5 hivi, ni ya aina ya 221 iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1933, na leo inapendwa mno na washona viraka, hivyo bei yake imepandishwa na mapenzi. Ni nzuri, ila nafasi yake chini ya mkono ni ndogo, na fedha hiyo ingekununulia 201K iliyofanyiwa matengenezo, na chenji ya uzi ikabaki.

Angalia mambo matatu kabla hujashawishika na nakshi za dhahabu. Kwanza, je, ni ya mkono? Cherehani ya kuzungusha kwa mkono inaunga viraka vizuri sana, lakini tabaka tatu zinataka mikono yote miwili ya kuongoza kitambaa, nawe mmoja umeshaukodisha kwenye gurudumu. Ya miguu, ile tuliyozoea kuiona barazani kwa mafundi, inaachia mikono yote na haili umeme. Tatizo lake ni pa kuiweka ndani ya nyumba ya London. Pili, tazama bobini. Mashine za kale sana zina bobini nyembamba ndefu inayokaa ndani ya kitu mfano wa mtumbwi. Zinashona, ila kwa anayeanza ni usumbufu. Tafuta bobini ya mviringo. Tatu, hakikisha inatumia sindano za kawaida za nyumbani, zilizoandikwa 130/705 H au 15x1 kwenye pakiti. Kuna mashine kongwe ambazo sindano zake hazitengenezwi tena, na hizo ni pambo la sebuleni.

Na waya. Mashine ya chuma inaishi miaka mia, waya wake hauishi. Ukiukunja waya wa zamani na ganda likapasuka au kumenyuka, usiuchomeke ukutani hata kwa kujaribu. Nyaya za ndani zenye rangi nyekundu, nyeusi na kijani ni za utaratibu wa zamani, kabla Uingereza haijahamia kahawia, samawati na kijani chenye mstari wa manjano mnamo 1970. Kubadilishiwa waya na plagi si ghali, lakini ifanywe na fundi, na fyuzi ndani ya plagi iwe ya ampea 3, si 13 iliyozoeleka kwenye birika la umeme. Vipo pia vikao vya bure ambapo watu wa kujitolea hukusaidia kutengeneza vifaa vya nyumbani. Restart Project, iliyoanzishwa London mwaka 2012, ndiyo iliyoeneza mtindo huo jijini.

Cherehani za miaka ya 1970 na 1980, zenye mshono ulionyooka na wa zigizagi, ziko katikati. Nyingi zina mwili wa chuma na hufanya kazi vizuri, na kwa kuwa si za kale wala si mpya, hakuna anayezigombania. Hatari yake ni gia za nailoni, ambazo baadhi ya viwanda vilizitumia katika kipindi hicho; zikizeeka hupasuka. Mwombe muuzaji afungue kifuniko cha chini. Ukiona gia nyeupe au za rangi ya maziwa, zimulike kwa tochi ya simu utafute ufa.

Kuna aina nyingine inayojitokeza katika matangazo ya Brent na Harrow: cherehani ya kiwandani, imefungwa juu ya meza yake. Wanawake wengi waliotoka Afrika Mashariki walishona nguo kwa malipo ya kipande, viwandani au majumbani mwao. Jayaben Desai, aliyeishi Tanzania kabla ya kuhamia Uingereza, alishona kwa cherehani kabla hajaajiriwa katika kiwanda cha kusafisha picha cha Grunwick, alikoongoza mgomo maarufu ulioanza Agosti 1976. Mashine ya kiwandani inauzwa rahisi kwa sababu hakuna anayetaka kuibeba. Nafasi yake ni pana na mshono wake ni safi. Lakini meno yake hayashuki, sindano zake ni za aina nyingine, na mota ya zamani inanguruma muda wote hata usipokanyaga. Nyumba nyingi za Kenton zilijengwa kati ya vita viwili vya dunia, zikiwa mbilimbili zinazoshirikiana ukuta mmoja. Mfikirie jirani wa upande wa pili.

Unapokwenda kuijaribu cherehani, nenda na kitambaa chako. Muuzaji atakupa kipande cha pamba nyepesi kilichokunjwa mara mbili, na kila mashine duniani inashona hicho. Wewe beba kiraka cha tabaka zako tatu, na mahali pamoja uwe na maungio yanayokutana, pale penye unene kuliko pengine. Beba pia sindano mpya namba 90/14. Nusu ya kasoro za cherehani za mitumba ni sindano butu iliyokaa humo tangu mwenye mashine alipoacha kushona.

Kabla ya kuwasha umeme, zungusha gurudumu kwa mkono kuelekea kwako. Ikiwa nzito, huenda ni mafuta yaliyoganda tu, na hiyo ni sababu ya kupunguziwa bei zaidi kuliko sababu ya kuondoka. Ikigonga chuma kwa chuma mahali palepale kila mzunguko, ondoka. Kisha shona polepole kwa urefu wa milimita 2.5, halafu 3. Pita juu ya yale maungio manene bila kuisaidia kwa mkono. Geuza kitambaa utazame chini. Vitanzi vya uzi upande wa chini, mara nyingi, ni kosa la uzi wa juu: haukuingia vizuri kwenye visahani vya mkazo. Inua mguu, tunga uzi upya, shona tena. Vikirudi baada ya hapo, tatizo ni la mashine. Harufu ya mafuta ya cherehani haina neno. Harufu ya kuungua kutoka kwenye mota ina neno.

Kuhusu haki zako, tofauti kubwa ni kati ya duka na mtu binafsi. Ukinunua kwa mfanyabiashara, hata cherehani iliyotumika, Sheria ya Haki za Watumiaji ya mwaka 2015 inakupa siku 30 za kuirudisha yenye hitilafu na kudai fedha yako yote. Baada ya hapo duka lipewe nafasi ya kuitengeneza au kuibadilisha, na hitilafu ikitokea ndani ya miezi sita huchukuliwa kuwa ilikuwepo tangu siku ya mauzo hadi duka lithibitishe vinginevyo. Bila shaka mashine ya miaka 60 haitapimwa kwa kipimo cha mpya. Ukiagiza kwa mfanyabiashara kupitia intaneti, unazo siku 14 tangu ilipokufikia za kubadili nia, hata kama haina kasoro. Ukilipa kwa kadi ya mkopo kitu cha zaidi ya pauni 100, kampuni ya kadi inabeba dhamana pamoja na muuzaji. Kwa mtu binafsi hayo yote hayapo, ila jambo moja: alichokieleza lazima kiwe kweli. Kwa hiyo muulize kwa maandishi, “Je, inashona vizuri? Mota inafanya kazi?” na uhifadhi majibu yake.

Neno fupi juu ya kitambaa, kwa kuwa cherehani hulaumiwa kwa makosa yake. Kanga mpya ifue kwanza. Wanga ukitoka kitambaa kinajikunyata, na rangi, hasa nyekundu na nyeusi, inaweza kuchuja. Afadhali ichuje kwenye beseni kuliko juu ya mfarishi uliokwisha. Usichanganye kitenge cha pamba na kile cha poliesta ndani ya safu moja, kwa maana pasi inayonyoosha cha kwanza inakiunguza cha pili. Ukipungukiwa, Ealing Road ya Wembley haiko mbali, na maduka yake ya sari na vitambaa yatakutosheleza.

Basi, hukumu yangu ni hii. Mwenye pauni 150 anayeishi Kenton anunue ya chuma iliyotumika, yenye mshono ulionyooka na bobini ya mviringo, kwa fundi anayeifanyia matengenezo na kuitolea dhamana hata ya miezi mitatu. Asiye na uhakika kama mfarishi utamkaa moyoni anunue mpya ya kawaida dukani, kwa kuwa itamfaa pia kukunja pindo za suruali. Asiye na zaidi ya pauni 50 aende kwenye gulio mapema asubuhi na kitambaa chake mfukoni. Na kila mmoja atenge fedha ya mguu wenye meno, mguu wa robo inchi, sindano, na uzi wa pamba usiokatika ovyo. Bila hivyo, bei uliyoisifu siyo bei yenyewe.

Kama mashine itasafiri kwenda nyumbani, soma kibati kilicho karibu na tundu la waya. Iliyoandikwa volti 220 hadi 240 itafanya kazi Kenya, Uganda, Tanzania, na pia Oman, kwa plagi ileile ya pini tatu za mraba. Iliyoandikwa 110 au 120 ilitengenezwa kwa ajili ya Marekani na itahitaji transfoma hata hapa London. Kwa vipuri, chagua ya mfumo wa Singer 15, kwa sababu ndio ulioigwa na Butterfly za China zilizojaa kwa mafundi wa Afrika Mashariki, na bobini zake utazipata huko bila kuagiza Ulaya. 221K inaingia ndani ya sanduku la ndege la kilo 23 na nafasi inabaki. 201K ya chuma cha kusubu ipelekwe kwa meli.